Bakteria wa Mferejini Waliacha Dozi Gani?

Mwezi jana nilipakia video ya dakika moja na nusu kuhusu usugu wa dawa. Wengi mliiona. Nimesimama mbele ya rafu ya dawa, uso umekunjamana kama wa mwalimu wa zamu, nawaambia Wakenya wenzangu: mkiacha dozi katikati mnafuga bakteria sugu, mkinunua amoksilini mbilimbili bila karatasi ya daktari mnafuga bakteria sugu. Ilitembea vizuri sana hiyo video. Halafu jamaa mmoja anayejitambulisha kama fundi wa paipu akaniandikia swali moja tu: "Na hao bakteria wa kwa maji, wao waliacha dozi gani katikati?"

Nilicheka, nikamrushia emoji, nikalala. Kesho yake swali bado lilikuwa limenikwama kama mwiba wa samaki.

Lilinikwama kwa sababu ya mamangu. Mwaka juzi aliugua taifodi. Na sisemi ile taifodi ya kila homa, unayoambiwa unayo baada ya nusu saa kwa tone moja la damu (hiyo nayo ina kesi yake, siku nyingine). Ya mama iliothibitishwa: damu ilipelekwa maabara, bakteria wakaoteshwa kwa siku kadhaa, karatasi ikarudi ikiwa na safu ya herufi R. Ampisilini, R. Kloramfenikoli, R. Kotrimoksazoli, R. Maana yake dawa hizo zote tatu ni maji tu mbele ya mdudu huyo. Alipona kwa sindano, siku baada ya siku, na bili tuliyochangiwa na ndugu hadi wa shambani. Na mimi, mwanawe mjuaji, nilimketisha nikamwambia, "Mama, hii ni ile tabia yenu ya kuacha dawa mkishapata nafuu."

Akaniangalia kwa muda. "Mimi nimewahi kuacha dawa lini?"

Sikuwa na jibu. Nilibadilisha mazungumzo.

Kwa hivyo fundi alipouliza lile swali, nilianza kusoma nikitafuta kitu cha kumnyamazisha. Nimerudi nikiwa upande wake. Mimi si daktari wala mtu wa maabara, nitakwenda polepole, na mnivumilie maana historia yenyewe inazunguka dunia kabla haijafika kwenye karatasi ya mama.

Jibu la kwanza liko Oregon, magharibi mwa Marekani, na ni la zamani kuniliko. Mwaka 1981, Armstrong na wenzake walichukua maji ya kunywa ya jamii saba, maji yaliyokwisha kusafishwa, wakaotesha bakteria waliobaki ndani yake. Kati ya bakteria 2,653 waliowapima, asilimia 33.9 walihimili antibiotiki mbili au zaidi. Hilo peke yake linatosha kukufanya uweke glasi chini. Lakini kwa jamii mbili walipima pia maji ghafi, kabla hayajaingia kwenye mtambo. Humo sugu walikuwa asilimia 20.4 na 18.6. Kwenye paipu za kusambaza maji hayo hayo, baada ya kusafishwa, wakafika asilimia 36.7 na 67.8.

Soma hizo namba tena. Maji yalipita kwenye mtambo, yakawa safi zaidi, na bakteria wachache waliobaki wakawa na kiwango kikubwa zaidi cha usugu kuliko walipokuwa mtoni. Hakuna aliyewamiminia tetrasaiklini njiani.

Sasa tusitishane. Wengi wa wale walikuwa bakteria wa kawaida wa majini na wa mazingira, ambao mtu mwenye afya huwameza na maisha yanaendelea. Cha kuogopesha hapa ni mzigo walioubeba, maana mzigo huo hupakuliwa na kupewa wengine. Nitafika huko.

Mwaka 1984 timu ya Calomiris, Armstrong na Seidler ikarudi na swali lililo karibu kabisa na la fundi wangu. Walichukua bakteria kutoka mfumo wa maji wa mji mmoja wa pwani ya Oregon, wakawapima kwa antibiotiki, kisha wakawapima kwa metali. Wakaona kwamba kwenye maji yaliyo ndani ya paipu, bakteria waliohimili kiwango kikubwa cha shaba, risasi na zinki ndio hao hao waliohimili antibiotiki nyingi. Kwenye maji ghafi uhusiano huo haukuwepo. Waliohimili alumini na bati walipatikana zaidi kwenye maji ghafi, na kwa kawaida hawakuwa sugu kwa antibiotiki nyingi. Kadimiamu nayo haikuonyesha uhusiano wowote.

Hapo ndipo niliposimama. Kama ingekuwa tu kwamba bakteria mgumu ni mgumu kwa kila kitu, ungeuona uhusiano kwa kila metali. Kumbe zilijitokeza tatu, na ukimwuliza fundi yeyote atakwambia amezishika zote: shaba ya paipu, risasi ya kulehemu maungio, zinki inayopakwa juu ya chuma kisishike kutu. Wale watafiti walikuwa waangalifu. Walisema matokeo yanaashiria kwamba ndani ya mfumo wa usambazaji kuna uchujaji unaowapendelea bakteria wenye uwezo huo wote kwa pamoja. Hawakusema wameifumania paipu ikitenda kosa. Mimi nami nisiongeze chumvi.

Lakini inawezekanaje? Shaba na ampisilini hazifanani hata kidogo. Mbona anayeshinda moja ashinde na nyingine?

Kwa hilo turudi nyuma hadi Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nchi ilikuwa na ugonjwa mkubwa wa kuhara damu unaoletwa na bakteria aitwaye Shigela, na dawa mpya zilikuwa zimeingia kwa kishindo: salfa, streptomaisini, tetrasaiklini, kloramfenikoli. Katikati ya miaka ya 1950 wakaanza kukutana na Shigela walioshinda dawa zote nne kwa mpigo. Hesabu haikukubali. Kila mtu alijua usugu huja kwa bahati, badiliko moja dogo kwenye jeni, na bahati nne kumwangukia mdudu mmoja ni kama kushinda bahati nasibu mara nne mfululizo. Mwaka 1959 timu za Ochiai na Akiba zikaonyesha kwamba ukichanganya Shigela sugu na E. koli wasio sugu kwenye chombo kimoja, E. koli wanatoka wakiwa sugu. Dawa haijatumika. Wamekaa pamoja tu, na usugu umepita kutoka mmoja hadi mwingine, kati ya bakteria wa aina mbili.

Kilichopita ni kipande cha DNA chenye umbo la pete, siku hizi kinaitwa plasmidi. Mimi naiona kama matatu. Ndani kuna viti, kwenye viti wamekaa abiria, yaani jeni: huyu wa kushinda salfa, huyu wa streptomaisini, yule wa kloramfenikoli. Abiria mmoja akilipiwa nauli, gari linatoka, na wote wanafika. Ukitumia salfa peke yake umelilipia gari zima.

Na katika mojawapo ya plasmidi hizo za Japani, maarufu sana kwenye vitabu, iliyopewa jina R100, kuna abiria ambaye hakuna aliyemtarajia. Kando ya jeni za kushinda antibiotiki pameketi jeni za kushinda zebaki. Wazungu wa Marekani nao walikutana na jambo hilo kwa njia yao: mwaka 1968 Novick na Roth walionyesha kwamba plasmidi za bakteria wa majipu, zile zinazowapa nguvu ya kuvunja penisilini, hubeba pia kinga dhidi ya zebaki, kadimiamu, aseniki na metali nyingine.

Jeni za zebaki zinafanya kazi ya ajabu, naomba nikae hapa kidogo. Bakteria akikutana na zebaki yenye sumu, huiingiza ndani mwake makusudi, kimeng'enya chake kinaigeuza kuwa zebaki ile ya kimiminika ya kwenye kipimajoto, nayo inageuka mvuke na kupeperuka zake. Anaivuta sumu ndani ili aifukuze hewani. Kwa metali nyingine njia ni ya kawaida zaidi: pampu kwenye utando wa seli inayotoa sumu nje jinsi mvuvi anavyokumba maji yaingiayo chomboni. Baadhi ya pampu hizo hazichagui. Zikitupa nje metali, zinatupa na antibiotiki. Hiyo ndiyo njia ya pili, mbali na ile ya abiria wa gari moja.

Na kuna jambo jingine kuhusu metali. Dawa huoza. Penisilini iliyomwagwa mtaroni haidumu. Zebaki, risasi na shaba haziozi kamwe. Zitabadilisha umbo, zitahama, lakini zipo. Kwa hivyo mahali penye metali, gari linaendelea kulipiwa nauli hata siku ambazo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyemeza kidonge.

Nani aliilipia nauli zebaki? Kwa kiasi kikubwa, sisi wanadamu. Kwa karne nyingi zebaki ilikuwa dawa: ya kaswende, ya vidonda, ya kusafisha tumbo. Madaktari wa meno wameitumia kuziba meno hadi enzi zetu. Mwaka 1993 Anne Summers na wenzake walichapisha jaribio ambapo nyani walizibwa meno kwa mchanganyiko huo wa zebaki na fedha. Bakteria wenye kushinda zebaki wakaongezeka kinywani na matumboni mwao, na wengi wa bakteria hao walikuwa sugu kwa antibiotiki pia. Nyani hawakupewa antibiotiki. Na kabla hujasema hayo ni ya ng'ambo, kumbuka wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Migori wanaokamatia dhahabu kwa zebaki, na zile krimu za kujichubua zinazokamatwa na kurudi sokoni tena. Zebaki hiyo ikishaoshwa mikononi na usoni inakwenda na maji.

Je, magari yalikuwepo kabla ya dawa? Swali zuri, na kuna aliyelijibu. Daktari mmoja, E.D.G. Murray, alikuwa amehifadhi bakteria wa tumbo kutoka nchi mbalimbali tangu 1917. Mwaka 1983 Victoria Hughes na Naomi Datta, huyu Datta akiwa miongoni mwa wa kwanza Uingereza kuufuatilia usugu unaoambukizwa, walipowachunguza bakteria hao wa zamani waliona karibu robo yao walikuwa na uwezo wa kuhamisha DNA. Plasmidi zilikuwepo, zinatembea kama kawaida. Abiria wa antibiotiki ndio karibu hawakuwemo. Magari tuliyakuta, sisi tuliyajaza.

Sasa nirudi kwa mama.

Kloramfenikoli ndiyo dawa iliyoigeuza taifodi kutoka hukumu ya kifo kuwa ugonjwa wa kutibika. Madaktari waliokuwa Malaya waliripoti mafanikio yake mwaka 1948, na kwa zaidi ya miaka 20 dunia ikapumua. Halafu mwaka 1972 Mexico ikapigwa na mlipuko wa taifodi isiyosikia kloramfenikoli, zaidi ya watu 10,000 wakaugua, na wachunguzi wakaripoti kwamba maji yalikuwa mojawapo ya njia za maambukizi. Usugu ulikuwa umepanda gari, kwenye plasmidi.

Mwaka 2001 wanasayansi wakachapisha ramani nzima ya jeni za bakteria mmoja wa taifodi aliyetoka kwa mgonjwa wa Vietnam. Alikuwa na plasmidi kubwa. Ukisoma orodha ya abiria wake utadhani unaisoma karatasi ya mama: kloramfenikoli, ampisilini, dawa mbili zinazounda kotrimoksazoli, streptomaisini. Na hapo hapo, kwenye pete hiyo hiyo, jeni za kushinda zebaki.

Taifodi sugu ya Kenya imeandikwa sana na Samuel Kariuki na wenzake wa KEMRI. Makala yao ya 2004 yalieleza milipuko ya taifodi iliyoshinda dawa nyingi hapa kwetu, na ya 2010 yalionyesha kwamba bakteria wanaotawala hapa ni ndugu wa karibu wa wale walioenea Kusini Mashariki mwa Asia, na kwamba usugu wao unabebwa na plasmidi za familia ile ile. Sijui bakteria wa mama alikuwa na abiria gani wote. Maabara haikupima hayo na sisi hatungeweza kulipia. Lakini najua kwamba alipomwingia alikuwa sugu tayari. Hakufundishwa usugu ndani ya mwili wa mama. Alifika ameshahitimu.

Kuna mfano wa karibuni zaidi na niliufikiria sana kabla ya kuuweka, maana una siasa ndani. Mwaka 2010 Timothy Walsh wa Cardiff na wenzake walichunguza maji ya New Delhi wakitafuta jeni iitwayo NDM-1, inayowawezesha bakteria kushinda hata dawa za akiba za hospitalini. Majibu yalitoka 2011: katika sampuli 171 za maji ya madimbwi na mitaro, 51 zilikuwa nayo. Katika sampuli 50 za maji ya mfereji, 2 zilikuwa nayo. Serikali ya India ilikuwa imeshakasirishwa na jeni hiyo kupewa jina la mji wake mkuu, na mimi naona ilikuwa na haki ya kukasirika kuhusu jina. Kuhusu mifereji, sampuli mbili ni mbili. Na mwaka huo huo wa 2011 ikaripotiwa kwamba jeni hiyo ilikuwa kwa wagonjwa wa hospitali Nairobi, kwenye bakteria waliohifadhiwa kati ya 2007 na 2009. Yaani ilikuwa kwetu kabla hata watu hawajaipa jina la kugombania.

Haya, fundi, nikujibu sasa. Hawakuacha dozi yoyote. Wengine walirithi, wengine walipewa na jirani, na wengine inawezekana paipu yenyewe iliwachuja.

Kinachonikera ni jinsi tunavyoisimulia hadithi hii. Bango la kliniki linamwonyesha mgonjwa na kidonge. Video yangu ilimwonyesha mgonjwa na kidonge. Hakuna bango linaloonyesha mtaro, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, au paipu ya chuma iliyowekwa enzi za babu na kupita juu ya maji taka. Mgonjwa ni rahisi kumlaumu kwa sababu yuko peke yake na amelala kitandani. Mwenye paipu ana wakili.

Hata vipimo vyetu vimefuata mkondo huo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha risasi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na shaba miligramu 2 kwa lita. Viwango hivyo viliwekwa kwa ajili ya kulinda afya ya binadamu, na ni sawa kabisa. Lakini maji yakifaulu mtihani huo haimaanishi bakteria waliomo hawachujwi. Tunapima klorini iliyobaki na E. koli, tunatia sahihi, basi. Jeni hazimo kwenye fomu.

Na tafadhali, asitoke mtu hapa akasema nimewaambia muache klorini. Lincoln kule Uingereza walitia klorini kwenye maji mwaka 1905 katikati ya mlipuko wa taifodi, Jersey City wakaifanya jambo la kila siku mwaka 1908, na watu wameacha kufa kwa sababu hiyo. Taifodi hufa kwa klorini na hufa kwa moto, awe sugu kwa dawa au asiwe. Chemsheni maji. Ila mjue sufuria haitoi risasi wala zebaki. Na dozi malizeni vile daktari alivyoandika. Hilo kwenye video sikukosea, nilikosea kulifanya hadithi nzima.

Video nimeiacha, nimeibandikia makala haya chini yake.

Jumapili nilikwenda kwa mama. Paipu ya ploti yao ni ya chuma, ya zamani, na asubuhi maji ya kwanza hutoka na rangi ya chai ya rangi. Nilimweleza yote niliyowaeleza nyinyi, matatu na abiria, Japani, Oregon, Vietnam. Nikamwomba msamaha kwa yale ya mwaka juzi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichagua mchele.

"Kwa hivyo sikuacha dawa."

"Hukuacha, mama."

"Nilikwambia." Akapeperusha makapi. "Na hiyo paipu, huyo mwenye ploti ataibadilisha lini? Kodi ameshapandisha."